Salomi za Saa Saba

Ijumaa ya tarehe ishirini na sita Julai, mvua ya Cape Town ikinyesha kama imetukaniwa mama, ndiyo siku mambo yangu yote yalipokwenda kombo. Naitaja tarehe kwa makusudi. Wakubwa hupenda kusema "siku za hivi karibuni", ili ukiuliza nani aliharibu, ionekane hakuna siku wala hakuna mtu.

Mimi ni tarishi wa orofa ya tisa, katika kampuni inayopangisha majengo ya watu wengine na kula faida. Napeleka bahasha, nachemsha maji ya chai, nahamisha viti. Lakini kazi yangu hasa, inayowafanya watu walijue jina langu, ni kutafuta chakula cha mchana. Na watu wa orofa ya tisa hawali ovyo. Waliharibiwa na mke wangu.

Rugaya alipokuwa hai, aliamka alfajiri akasukuma chapati laini, pana kama taulo la uso, akapika mchuzi mzito wa kondoo, akaviringisha salomi moja moja na kuzifunga kwenye karatasi. Mimi nikabeba boksi mpaka kazini. Ofisi nzima ilikuwa inanukia bizari kabla ya saa nne. Mara moja nilimkuta mhasibu mkuu analamba karatasi. Aliponiona akajifanya anaisoma.

Mwaka jana Rugaya akafa. Hospitali ya serikali ilimpa tarehe ya kuonana na daktari. Tarehe ilikuwa nzuri tu, ila mgonjwa hakuifikia. Waziri anayehusika alikuwa kwenye televisheni wiki ileile akizindua jengo la kuegesha magari.

Tangu hapo nikawa mtu wa kuzunguka mji nikitafuta salomi za kununua. Nimekula za kila aina. Kuna zile zinazovuja chini mpaka unaingia kwenye lifti kama mtu aliyejisaidia kwenye suruali. Kuna zile chapati yake ngumu, ungeweza kuitandika mlangoni ukafutia miguu. Na kuna za viazi. Ukitaka kujua nchi inakwendaje, angalia viazi ndani ya salomi. Viazi vikizidi nyama, ujue kuna mkubwa mahali fulani anashiba.

Salomi nzuri kuliko zote mjini zilijulikana ziko wapi. Ziko juu mlimani, mtaa wa Bo-Kaap, dukani kwa Hadji Toyer, zinapikwa na dada yake, Titie Kulsum. Kila mtu alijua. Mimi sikuwa nakanyaga pale.

Hadji Toyer ni mwenyekiti wa kamati ya msikiti wetu. Siku niliyomzika Rugaya ilikuwa Jumamosi, na jioni ile timu ya taifa ya raga ilikuwa inacheza. Basi Hadji akatuendesha kama ng'ombe. Jeneza lilipanda kilima mbio. Talkini ilisomwa kama mtu anatangaza mashindano ya farasi. Najua maiti haicheleweshwi, nimefundishwa. Sikufundishwa kwamba inaharakishwa ili watu wawahi mpira. Udongo haujatulia, nikaona kamati nzima inakimbilia magari huku imeshika kanzu.

Kwa hiyo sikukanyaga dukani kwake, na msikitini pia sikukanyaga tena. Ila ofisini sikusema. Kila Ijumaa Waislamu wa orofa ya tisa hupewa ruhusa ya saa mbili kwenda kuswali, na mimi niliichukua ruhusa hiyo kama kawaida. Nilikwenda stoo ya karatasi, nikajilaza juu ya maboksi, nikalala.

Sasa, mwezi wa tatu mwaka huu kampuni ikatuletea meneja mpya, Bi Kotze. Umri wake ni sawa na wa binti yangu, kama ningekuwa na binti. Bi Kotze ana simu ambayo ukiibonyeza chakula kinakuja chenyewe. Siku ya kwanza alituagizia vitu kutoka mgahawa wa chini: chapati baridi ya rangi ya maiti, ndani yake majani, kuku asiyekumbuka kama aliwahi kuwa kuku, na karoti mbichi. Nomvuyo wa mapokezi aliuma mara moja akaiweka chini.

"Tata Igshaan," akaniita, kwao Tata ni baba, "njoo unisaidie. Nimeanza kula soksi ya nani?"

Bi Kotze hakucheka. Jumatano ya wiki ile mbaya akaniita ofisini kwake, akaniambia nikae. Nilijua hapo hapo. Ofisini kwetu tarishi akiambiwa akae, ujue ameshasimamishwa.

"Igshaan," akasema, hivihivi, bila mzee wala kaka, "makao makuu wanataka nipunguze mtu mmoja. Bahasha siku hizi hakuna, zote ziko kwenye kompyuta. Nafasi ya tarishi siwezi kuitetea."

"Na chai?"

"Kuna mashine."

"Na chakula?"

Alikuwa amesikia manung'uniko ya watu, hata yeye si kiziwi.

"Ijumaa wakurugenzi wanashuka kutoka Johannesburg," akasema. "Watakula hapa, saa saba kamili, katikati ya mkutano. Watu wote wananiimbia salomi, salomi. Basi lete salomi. Ziwe moto, ziwe nzuri, ziwe mezani saa saba. Ukiweza, nitawaambia wakubwa kwamba chakula cha ofisi kinahitaji mtu. Ukishindwa, mwisho wa mwezi unaondoka. Lakini Ijumaa wewe si huwa unakwenda msikitini?"

"Mungu ataelewa," nikasema.

Nilisema haraka sana. Nilikuwa naogopa ataniuliza msikiti gani.

Basi Ijumaa ikafika. Asubuhi nzima nikahamisha viti, nikapanga glasi, nikafuta meza mpaka nikajiona humo, uso umenuna. Salomi nilipanga kuzichukua dakika za mwisho ili ziwe moto. Saa sita na robo nikashuka na boksi langu, nikaenda kwa yule bwana wa Long Street ambaye viazi vyake vina aibu kidogo. Mlango umefungwa. Kibao: *Tuko kwenye sala. Tutafungua saa nane.*

Nikaenda duka la pili. Limefungwa. La tatu, kufuli kubwa kama kichwa cha mtoto. Mvua inanipiga, maji yameingia viatuni, nami nimesimama nalitazama lile kufuli kama mgeni aliyeshuka leo kutoka meli. Mimi, Igshaan Davids, niliyetahiriwa na kufundishwa Kurani kwa fimbo, nilikuwa nimesahau Ijumaa ni Ijumaa! Nilijiombea ruhusa ya kukosa sala mwenyewe, haikunijia kabisa kwamba wapishi hawakujiombea. Mwaka mzima wa kulala juu ya maboksi ya karatasi, mtu unadhani mji wote umelala na wewe.

Simu ikalia. Nomvuyo.

"Tata, uko wapi? Wageni wameshafika. Wanautazama mlango kama mbwa wa bucha."

"Niko njiani."

"Njia ya kwenda wapi? Bi Kotze amefungua ile simu yake. Kidole kiko juu ya soksi, Tata. Kiko juu kabisa!"

"Mwambie asibonyeze."

"Nimwambie kwa cheo gani?"

Basi nikapanda mlima. Sikuwa na pengine pa kwenda. Watalii chini ya miavuli walikuwa wanapiga picha nyumba za rangi, na mmoja akanipiga na mimi, mzee aliyelowa na boksi tupu. Huenda niko ukutani mwa mtu Ulaya sasa hivi, nimeandikiwa chini: wenyeji.

Duka la Hadji limefungwa mbele, lakini nyuma moshi ulikuwa unatoka, na harufu. Ile harufu sitaieleza. Nikagonga. Titie Kulsum akafungua nusu mlango, mikono ina unga mpaka viwikoni.

"Tumefunga."

"Titie, ni mimi. Igshaan."

Akanikagua kuanzia viatu. "Igshaan wa Rugaya? Nilidhani umehama. Au umekufa, hakuna aliyeniambia nipike."

"Nataka salomi, Titie. Za watu wa ofisini. Sasa hivi."

"Sasa hivi wanaume wako msikitini. Wewe ni nini?"

"Titie, kazi yangu iko hatarini. Zisipofika saa saba nafukuzwa."

Nyuma yake nikaziona. Zimepangwa kwenye sinia, zimefungwa vizuri, mvuke unatoka, tele za kulisha jeshi. Nilimeza mate, akaniona.

"Hizo ni za kamati," akasema. "Kila Ijumaa wakitoka wanakula hapa. Siwezi kuzitoa bila ruhusa ya Hadji. Duka lake, kondoo wake."

"Mpigie simu."

"Boeta, kaka yangu, nimpigie simu mwenyekiti wa kamati yuko mbele ya mimbari? Unataka anizike mimi pia?" Akanitupia kofia ya kusuka iliyokuwa inaning'inia nyuma ya mlango. "Msikiti uko pale pale ulipouacha. Nenda kamwombe mwenyewe. Na utawadhe, usiingie kwa ujanja."

Nikaenda. Maji ya bombani yalikuwa baridi ya kumfanya mtu atukane, na ukiuliza nani alipaswa kutengeneza hita, utaambiwa kamati. Nilipoingia ndani khatibu alikuwa ameshapanda mimbari. Hapo ndipo nilipojua mkosi ni mkosi kweli. Khatibu akianza, hakuna kuongea. Hata kumwambia mwenzio nyamaza huruhusiwi.

Na Hadji Toyer, kama ilivyo desturi ya wenye vyeo, yuko safu ya mbele.

Kuvuka mabega ya watu nako hakuruhusiwi. Nikajisogeza kwa makalio, nafasi kwa nafasi, kila mtu akijinyanyua akinisonya kimoyomoyo, mpaka nikatua nyuma yake kidogo, upande wa kushoto. Nikakohoa. Akageuka. Macho yakamtoka.

Nikaviringisha mkono wangu wa kulia juu ya wa kushoto, kama mtu anayefunga salomi. Akakunja uso. Nikarudia, nikaongeza kutia kitu mdomoni. Akamtazama khatibu, akanitazama mimi. Nikaonyesha saa ya mkononi. Nikajikata shingo kwa kidole, maana yake nafukuzwa kazi. Yeye akaelewa nini sijui, lakini macho yake yakalowa. Akanyoosha mkono akanifinya goti. Mzee wa pembeni naye akanifinya goti la pili. Khatibu alikuwa anahubiri juu ya subira, na safu nzima ya mbele ikawa inaniona mimi kama mfano uliotumwa na Mungu kumsaidia kueleza.

Tukasimama kuswali. Nilikuwa nimekusudia, nikisujudu tu, nimwombe Mungu zile salomi kwa jina. Paji likagusa zulia, na kilichonitoka kilikuwa Rugaya. Rugaya tu, basi. Nikanyanyuka nimekasirika, kama mtu aliyekwenda posta kuchukua kifurushi chake akapewa cha mtu mwingine, na sahihi ameshaweka.

Salamu ya pili haijakauka, Hadji akanikumbatia. Watu wakajaa.

"Boeta Igshaan! Alhamdulillahi! Umerudi!"

"Sijarudi," nikasema. "Nataka salomi."

"Nini?"

"Salomi zilizo dukani kwako. Za kamati. Wakurugenzi wa ofisi yetu wanakaa na njaa, saa saba imeshapita, na nisipozipeleka nafukuzwa kazi."

Mzee aliyenifinya goti akaurudisha mkono wake. Mwingine akasema, "Lo! Mtu mzima unakuja nyumba ya Mungu kwa ajili ya tumbo?"

"Na nyinyi mnakwenda wapi mkitoka hapa? Si mnakwenda kwenye sinia hilohilo?"

Hadji akainua mkono kuwanyamazisha. Sauti akaiteremsha. "Mwaka mzima, Igshaan. Hata salamu yangu hukuipokea. Nimekukosea nini?"

Basi nikamwambia. Sikupanga, lakini nilikuwa nimelowa, nimechelewa, na njaa yangu mwenyewe ilikuwa inaniuma.

"Ulimzika mke wangu mbiombio ili uwahi raga."

Nilijua atakachosema. Atasema kuna sunna, kuna mvua, kuna wachimba kaburi wanataka kwenda nyumbani. Kiongozi hakosi sababu, ndiyo maana ni kiongozi.

Hadji akatazama zulia.

"Ni kweli," akasema. "Na tulifungwa."

"Kwa penalti ya dakika ya mwisho," akasema mtu wa nyuma, kwa uchungu.

Nilikuwa na maneno mengi nimeyatunza mwaka mzima, yamepangwa kama sahani. Sasa mtu amekiri, nitayapeleka wapi? Nakasirika hata leo nikikumbuka: miezi yote ile ningekuwa nakula salomi nzuri nikimchukia palepale mezani kwake.

"Titie Kulsum ampe zote," Hadji akawaambia wenzake.

"Zote, Hadji? Na sisi?"

"Nyinyi mna wake nyumbani."

Wakanitazama mimi. Halafu kila mtu akaanza kutafuta viatu vyake.

Nilishuka mlima na boksi limejaa, nikipiga kelele watu wapishe. Nilipofungua mlango wa orofa ya tisa, saa nane ilikuwa imegonga kitambo. Wakurugenzi walikuwa wamekula biskuti zote, na mmoja alikuwa anachungulia sukari. Bi Kotze alinitazama kama kinyesi cha njiwa. Ile simu yake ilikuwa mezani. Nomvuyo alinieleza baadaye kwamba alishabonyeza, ila mgahawa wa chini ulijibu kuku amekwisha.

Nikagawa.

Kwanza karatasi zikasikika. Kisha yule mkubwa wao, Bwana Radebe, mtu mzito wa suti ya gharama, mchuzi ukamteremka kifundoni ukaingia ndani ya mkono wa shati, naye akaufuata kwa ulimi. Mbele ya wote. Mkutano ulikuwa wa kupunguza watu, na kwa muda mrefu hakuna aliyepunguza mtu.

"Nani amezipata hizi?" Bwana Radebe akauliza.

"Ni utaratibu wetu mpya," akasema Bi Kotze.

Nomvuyo akanikanyaga mguu chini ya toroli la chai, nisije nikasema.

"Basi nazitaka kila tukishuka," akasema Bwana Radebe. "Ijumaa ya mwisho ya mwezi, saa saba, hizi hizi. Msibadilishe hata karatasi."

Jioni Bi Kotze akaniuliza jina la duka. Mimi mjinga nikampa. Akaliingiza kwenye simu, akatabasamu, na mimi ndipo nikaona nilichofanya. Bi Kotze alikuwa ananihitaji kwa sababu yeye hakujua salomi nzuri ziko wapi. Sasa anajua. Nilipanda mlima ule kwenda kujifukuza kazi mwenyewe.

Jumatatu akapiga dukani. Alikuwa ameiweka simu kwenye sauti kubwa, maana wakubwa hupenda tusikie wanavyofanya kazi.

"Ijumaa saa saba?" ilisikika sauti ya Titie Kulsum. "Mwanangu, Ijumaa saa saba hapa hakuna duka. Kuna mlango wa nyuma, na huo nilimfungulia Boeta Igshaan kwa kuwa alikuwa amelowa. Na hata yeye alipata baada ya sala."

"Siwezi kuagiza mapema, zikaletwa saa saba?"

"Zitaletwa na nani? Wanaume wote watakuwa wameinama, na Boeta Igshaan pamoja nao."

Simu ikakatika. Bi Kotze akanywa maji. Baadaye akaja mpaka jikoni kwangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akafunga mlango. Safari hii aliniita Boeta. Nadhani alijifunza kwenye ile simu.

"Boeta Igshaan, nataka nikubakize. Kweli nataka. Bwana Radebe ameshaandika Ijumaa, saa saba. Ukinihakikishia saa saba, si saa nane, nakwenda sasa hivi kuwaambia tarishi anabaki. Wewe unawajua watu wako. Hivi... huwezi kuwaomba waisogeze sala? Nusu saa tu?"

Nilimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Macho yake yalikuwa na hofu kama yangu, naye ana wakubwa wake.

"Sala imewekwa na jua, Bi Kotze," nikamwambia. "Mkutano wenu umewekwa na nani?"

Akasema anakwenda kuuliza. Kwanza aliuliza orofa ya kumi. Orofa ya kumi ikaandikia Johannesburg. Johannesburg wamejibu kwamba swali limepokelewa. Mimi niko hapa jikoni, nachemsha maji, sijafukuzwa na sijabakizwa, Ijumaa ya mwisho ya mwezi inakuja, na bado nangoja mtu mmoja tu katika jengo hili aniambie: mkutano umewekwa na nani?